Laptopu Imemwagikiwa Chai na Haiwaki: Tuanzie Wapi?



Msimu wa kuandika utafiti wa mwaka wa mwisho, laptopu hukaa meza moja na daftari, chaja na kikombe cha chai. Kikombe kikipinduka, mwanafunzi huhofia vitu viwili kwa mpigo: mashine yenyewe, na kazi ya miezi iliyomo ndani. Somo la leo ni namna ya kutambua umeme umekwama wapi, ili usitupe mashine inayotengenezeka, wala usilipie bodi mpya wakati kilichokufa ni chaja.

Kinachoua ni nini?

Hatari kubwa huja pale maji yanapokutana na umeme. Maji ya bomba yana chumvichumvi, na chai ina maziwa na sukari. Tone likiunganisha njia mbili zisizotakiwa kugusana, shoti hupiga. Hata shoti isipopiga, umeme ukipita kwenye unyevu huila shaba na kuacha kutu ya kijani au nyeupe. Kutu hiyo huendelea kimyakimya, ndiyo maana laptopu huweza kuwaka leo ikafa wiki ijayo.

Kwa hiyo, zima swichi ya ukutani kisha uchomoe chaja. Bonyeza kitufe cha kuwashia bila kukiachia mpaka mashine izime. Betri ikiwa ya kuchomoka, itoe. Ifunue laptopu uilaze kifudifudi kama hema, kimiminika kishuke. Usiiwashe “kuona kama bado nzima”, na usiichaji.

Mchele hausaidii: haufikii maji yaliyojificha chini ya vipuri, na huacha vumbi. Hata ikikauka, sukari hubaki kwenye bodi. Dawa ni kufunguliwa mapema, betri ya ndani itenganishwe, kisha bodi isuguliwe kwa brashi laini na alkoholi ya kusafishia ya asilimia 90 au zaidi, na iachwe ikauke kabisa.

Kupima kutoka nje kwenda ndani

Sisi tunaosoma fiqhi tumezoea kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Hapa pia, anza na unachoweza kukihakikisha. Vipimo hivi ni vya baada ya mashine kusafishwa na kukauka.

1. Soketi na chaja. Hakikisha soketi ina umeme kwa kuchomeka kitu kingine. Soma maandishi ya chaja. Nyingi za tundu la mviringo hutoa volti 19 hadi 20. Fundi akipima ncha yake kwa mita akapata sifuri, chaja au waya wake ndio mbovu. Chaja za USB-C ni tofauti: huanza na volti 5, na hupanda baada ya kuelewana na laptopu. Volti 5 peke yake si ushahidi wa ubovu.

2. Taa ya chaja inazimika ukiichomeka kwenye laptopu. Chaja ikiwa nzima, hii ni dalili kubwa ya shoti upande wa laptopu, chaja inajilinda. Chomoa, usirudierudie.

3. Inawaka kwa betri, lakini haipokei chaji. Shuku chaja, tundu la chaji au sehemu ya bodi inayosimamia kuchaji. Ikiwaka kwa chaja tu, shuku betri. Betri iliyovimba usiiminye, usiitoboe, usiichaji.

4. Kitufe. Kwenye baadhi ya laptopu kitufe cha kuwashia kiko pamoja na kibodi, na kibodi ndiyo hulowa kwanza. Fundi anaweza kuchomoa waya wa kibodi na kuwasha mashine moja kwa moja kutoka kwenye bodi.

5. Feni inazunguka, kioo ni cheusi. Umeme upo. Mulika kioo kwa tochi; ukiona picha hafifu, mwanga wa nyuma ndio umekatika. Au unganisha skrini ya nje.

6. Hayo yote ni mazima, na bado kimya. Sasa ndipo tuzungumze bodi kuu. Fundi apime umeme unapoingia, kisha aufuate hatua kwa hatua mpaka unapokatikia.

Fundi akisema “bodi imekufa”, muulize kwa upole: umepima wapi, ukapata volti ngapi? Akiwa hajaifungua, hiyo bado ni shaka. Nawe mwambie ukweli: kilichomwagika ni nini, lini, na kama uliiwasha baadaye. Ukimficha, atatafuta ugonjwa usiokuwepo huku kutu ikila.

Utafiti wako je?

Laptopu kufa si sawa na kazi kupotea. Kwenye mashine nyingi diski huchomoka, na ikiwekwa kwenye kasha la USB husomeka kwenye kompyuta nyingine. Iliyofungwa kwa nywila ya usimbaji itahitaji ufunguo wake. Nyingine diski imechomelewa kwenye bodi, hivyo bodi lazima ifufuliwe kwanza, japo kwa muda. Mwambie fundi tangu mwanzo kwamba unataka mafaili kabla ya matengenezo, na asifute chochote.

Na laptopu ikiwa ya kuazima, hiyo ni amana. Mpigie mwenyewe saa hiyo hiyo. Kuifungua au kuipeleka kwa fundi ni uamuzi wake, na kila siku unayongoja kwa aibu humpunguzia nafasi ya kuiokoa.

Kabla hujalala leo, nakili utafiti wako kwenye flashi na ujitumie nakala nyingine kwa barua pepe. Kisha kikombe kihamie meza nyingine.

Wabillahi tawfiq.