Volani inacheza: somo katika msamiati wa motokari za zamani na zilizogeuzwa mjini Lubumbashi

Utangulizi

Mimi ni mwanafunzi wa lugha, lakini kabla ya kupenda lugha nilipenda motokari. Nikiona Peugeot 404 imeegeshwa kando ya njia nasimama kuitazama, hata kama saa ya somo imekwisha kupita. Katika makala haya nayaunganisha mapenzi hayo mawili. Hoja yangu ni moja: maneno ya gereji zetu si Kifaransa kilichovunjika wala Kiswahili kilichoharibika. Ni msamiati wenye kanuni zake, na asiyeujua anaweza kulipa.

Mimi nilikaribia kulipa. Nilipokuwa mwaka wa pili, mjomba wangu aliniachia Toyota ndogo iliyotoka Japani na volani upande wa kulia, ikageuzwa hapa mjini kuwa ya kushoto. Fundi mmoja mzee wa mtaani kwetu aliishika volani, akaizungusha kidogo huku na huku, akasema: "Mwana, volani inacheza." Nilicheka, nikamwambia: "Aksanti, papa." Nilidhani anaisifu kwamba ni nyepesi, kama mtu anayecheza muziki vizuri. Siku tatu baadaye, kwenye barabara ya Kasapa, nilikata volani kukwepa shimo, nayo motokari ikaendelea moja kwa moja hadi mtaroni. Hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku ile najiuliza: ni wapi niliposhindwa kuelewa sentensi ya maneno mawili, katika lugha niliyozaliwa nayo?

1. Neno "motokari" na njia lililopitia

Tuanze na jina la chombo chenyewe. Dar es Salaam husema "gari", Nairobi pia. Sisi twasema "motokari". Mji huu ulitawaliwa na Wabelgiji, shule zake zilifundisha kwa Kifaransa, lakini jina la gari limetoka katika Kiingereza. Kwa nini?

Jibu liko katika historia ya mji. Élisabethville ilianzishwa mwaka 1910, na mwaka huohuo reli ilifika kutoka kusini, kutoka Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Kwa reli hiyo zilikuja mashine za Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, pamoja na wafanyakazi wengi wa kusini na wazungu wengi waliosema Kiingereza. Nalisoma neno "motokari" kama alama ya miaka ile ya mwanzo.

Maneno ya sehemu za ndani, kinyume chake, karibu yote yametoka katika Kifaransa: volani, freni, batri, buji, kapo, shasi, janti, pine. Anayeendesha ni shofere, si dereva. Anachotia ni esanse au mazuti. Kwa hiyo ukifungua kapo ya motokari moja, unakuta tabaka mbili za historia: jina la nje ni la reli ya kusini, majina ya ndani ni ya shule na karakana za Kibelgiji.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha mji huu maandishi aliyoyaita msamiati wa mji wa Élisabethville. Yeyote anayeyafungua akitafuta orodha ya maneno hukuta historia ya mji, kama walivyoiona watumishi wa nyumbani. Johannes Fabian aliyachapisha na kuyachambua mwaka 1990. Funzo ninalolipata humo ni kwamba kwetu msamiati na historia ni kitu kimoja.

2. Sarufi ya gereji

Mara nyingi nasikia wenzangu wakisema kwamba fundi "anachanganya tu". Tumsikilize vizuri. Motokari zikiwa nyingi, husema "mamotokari". Madereva ni "bashofere". Motokari ndogo ni "kamotokari", na zikiwa kadhaa ni "tumotokari". Hapa hakuna vurugu. Kiambishi ma- kinaweka wingi wa vitu, ba- wingi wa watu, ka- na tu- udogo, kama katika lugha za Kibantu zinazotuzunguka. Hata Kiswahili sanifu hutia ma- kwenye maneno ya kukopa: mabasi, mashati, magari.

Vitenzi navyo vina utaratibu. Motokari "inademare", fundi "anasude" chuma. Mwisho wa Kifaransa unabaki, lakini nafsi na wakati vinawekwa mbele kwa kanuni yetu. Anayeona mwisho huo wa -e ni kasoro akumbuke "kusamehe", kitenzi chenye asili ya Kiarabu ambacho hakuna anayekiita kasoro.

3. Thamani ya ya zamani

Msamiati huu unaishi kwa sababu mamotokari ya zamani yanaishi. Chukua 404 niliyoitaja. Ilitoka mwaka 1960, umbo lake likichorwa na Pininfarina wa Italia. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,618 imelazwa upande ili kapo iwe chini, na kigingi cha kubadilisha gia kiko kwenye shina la volani. Ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Barabara za vumbi na matope za wakati ule ziliithibitisha kuliko tangazo lolote.

Au chukua Volkswagen ya mgongo wa duara, ambayo zaidi ya milioni 21 zilitengenezwa hadi ya mwisho ilipotoka kiwandani Mexico mwaka 2003. Injini iko nyuma na hupozwa kwa hewa, kwa hiyo haina radieta ya kuvuja. Uzuri wa motokari hizi, kwangu, ni kwamba mtu akiinama anaona kila kiungo na anaweza kukitaja. Katika motokari mpya kiungo kimefichwa ndani ya kisanduku cha elektroniki, na fundi hana neno la kukiita ila "kompyuta". Motokari ya zamani ikiondoka, huondoka na majina yake.

4. Kugeuza

Wengine wakisikia motokari zilizogeuzwa hufikiria rangi kali, janti pana na muziki mkubwa, kama matatu za Nairobi. Kwetu mageuzi makubwa ni ya volani. Motokari nyingi zilizotumika Japani hupitia bandari ya Dar es Salaam, zikavuka Zambia na kuingia Kasumbalesa. Japani, Tanzania na Zambia huendesha upande wa kushoto wa barabara. Sisi huendesha kulia. Ndiyo maana fundi huhamisha volani.

Kazi hiyo si ndogo. Kuna shina la volani, mfumo wa meno unaogeuza magurudumu, pedali, pampu ya freni, dashibodi nzima na mikono ya kufutia kioo. Hata taa hubaki na kosa lisiloonekana mchana: zimeundwa kumulika zaidi ukingo wa kushoto, kwa hiyo kwetu humulika macho ya anayekuja. Nimeona fundi akifanya yote haya kwa ustadi unaostahili heshima. Nimeona pia kazi iliyofanywa haraka, kiungo kikisudiwa mahali ambapo kilipaswa kubadilishwa. Toyota yangu ilikuwa ya aina hii ya pili.

5. Maana ya "kucheza"

Sasa turudi kwa papa fundi. Nilipomweleza mhadhiri wangu kisa changu, jibu la kwanza tulilolipata lilikuwa rahisi: Kifaransa husema kiungo kilicholegea kina "jeu", yaani mchezo, basi fundi ametafsiri. Jibu hilo halikuniridhisha, kwani nilikumbuka utoto wangu. Mama alipotia kidole kinywani mwangu alisema: "Jino linacheza." Hakuwa anatafsiri Kifaransa. Kiswahili chenyewe, hata cha pwani, hutumia "kucheza" kwa kitu kinachotikisika mahali kinapopaswa kutulia.

Kwa hiyo fundi alisema Kiswahili safi. Maana ya Kifaransa ilikutana na maana iliyokuwapo tayari, zikaimarishana. Aliyekosea ni mimi. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba mtu wa gereji hasemi kwa usahihi, basi nikalipokea neno lake kama mapambo. Onyo nikaligeuza sifa.

Hitimisho

Wazee wanaoijua 404 kwa kuigusa wanapungua, na vijana wanaojifunza kazi leo hukutana na motokari za aina nyingine. Maneno yao hayamo katika kamusi tunazotumia darasani. Tukingoja, tutabaki na kutaja majina tu bila kujua yalitaja nini.

Kwa anayetaka kuanza, napendekeza mazoezi matatu. Kwanza, nenda gereji iliyo karibu nawe, uliza majina ya sehemu kumi, uandike kama zinavyotamkwa, si kama Kifaransa kinavyoandikwa. Pili, tafuta wingi na udogo wa kila jina, uone ni kiambishi gani kimetumika. Tatu, tafuta kitenzi kimoja cha Kiswahili ambacho fundi anakitumia kwa maana usiyoitegemea, kisha ujiulize, kabla ya kukiita kosa, kama mama yako hakukitumia vilevile.

Toyota ilitengenezwa na yule yule papa. Alibadilisha viungo viwili, akaishika volani, akaizungusha kidogo huku na huku. "Haichezi tena, mwana," akasema. Safari hii nilimwelewa.