Karanga za Januari

Bibi, mimi ni binti wa miaka 27, mzaliwa wa Temeke. Tangu Juni mwaka jana nafanya kazi na shirika moja la maendeleo katika kijiji cha wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma. Tunashughulika na maji na lishe. Kazi naipenda, ila jioni zimenishinda. Nikishuka tu kwenye pikipiki, watu hao. Huyu nauli ya kumpeleka mtoto kituo cha afya, yule elfu mbili ya kusaga, mwingine daftari. Mwezi wangu wa kwanza hapa nilitoa. Uliofuata mshahara uliisha tarehe 12. Siku hizi nikifika naingia ndani, nazima taa.

Wenzangu wa ofisi ya mjini wananicheka. Wanasema Wagogo ndivyo walivyo, ombaomba, nisiwape kitu. Nikitoa naumia, nikinyima silali. Watoto wananiita mzungu, na mimi mweusi tii. Wiki iliyopita, katikati ya Januari, mama jirani kaniletea bakuli la karanga. Sijui naye anataka nini. Bakuli bado liko dirishani. Halafu meneja anadai picha za watoto wakichota maji kwenye bomba letu, na bomba lenyewe wiki ya tatu hii halitoi hata tone. Nifanyeje?
Aliyezima Taa, Kongwa

Mwanangu, kwanza washa taa. Pikipiki imeegeshwa mlangoni na kijiji kizima kinajua uko ndani. Unachopata ni kula gizani tu.

Hilo la mzungu lisikuumize. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, nilikuwa bibi maendeleo huko Dodoma kwa miaka mingi, na nimeitwa mzungu mpaka nikazoea. Mtoto haangalii ngozi. Anaangalia nani kaja na fomu, kauliza kaya ina watu wangapi na choo cha aina gani, kaandika, kapanda pikipiki, kaondoka. Wewe unajua mtoto wa jirani alikula nini jana, kwa kuwa dodoso la lishe linataka ujue. Yeye hajui hata jina la mama yako.

Sasa hilo la ombaomba. Wagogo tunawatania sote, na wao wanaturudishia vizuri tu, lakini wenzako wa mjini wameuchukua utani wakaufanya elimu. Ugogo mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na hata hiyo huja kwa upendeleo: inanyesha shamba la ng'ambo hii ya korongo, la ng'ambo ya pili linabaki vumbi. Mtu wa nchi kama hiyo haweki kila alichonacho kwake. Ng'ombe wengine huwapeleka kwa rafiki wa kijiji cha mbali. Rafiki anawachunga na maziwa ni yake, na ukame ukipiga upande huu, kule kunabaki kitu. Wazee niliowakuta bado walikuwa wakiisimulia Mtunya, njaa ya miaka ya 1918 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani kisha ya Waingereza kukomba mifugo, nafaka na vijana. Waliopona wengi walipona kwa kuwa palikuwa na mtu wa kumwendea. Kwa hiyo kuombana huko ni ghala. Anayekuja kukuomba elfu mbili ya kusaga amekuhesabu kuwa mmoja wa watu wa kuendewa.

Sisemi wote wanaokuja ni malaika. Wapo wajanja, tena wengine tumewalea wenyewe sisi watu wa miradi. Tuliozoesha watu kwamba mkutano bila posho si mkutano ni sisi. Mzee ameacha palizi, amekaa juani saa tatu kusikiliza habari za kunawa mikono, mwishoni anauliza, "Tunasaini wapi?" Halafu tunarudi mjini kulalamika kwamba wananchi hawajitolei.

Lakini nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta kitu kimoja sikukiona. Umeandika wote waliokuomba. Hukuandika hata siku moja uliyoomba wewe.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1982 nilipangiwa kijiji upande wa Mpwapwa, nikaingia na sanduku la bati lenye kila kitu: sukari, sabuni, chumvi, kibiriti. Hicho ndicho kipindi bidhaa ziliadimika nchi nzima, watu wanapanga foleni ya sabuni tangu alfajiri. Jirani yangu alikuwa akimtuma mtoto kuomba sukari kidogo, nami natoa. Mtoto anapokea kwa mikono miwili, macho chini, kama yuko mbele ya mkuu wa wilaya. Nikajiona mwema. Ikaja Machi, mvua ikakata barabara, lori la ushirika halikupita kwa wiki mbili, na usiku mmoja kibatari changu kikaishiwa mafuta. Nilikaa gizani nikiona haya. Mwisho nikavuka uwanja, nikabisha hodi.

Yule mama aliponisikia alicheka mpaka akashika kizingiti. Akawaita wanawe: "Njooni muone, bibi maendeleo kaishiwa!" Akaingia ndani, akatoka na chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi, ndani mna mafuta ya taa hayajafika nusu. Akaiinua mbele ya moto tuone yalipofika, akanimiminia karibu yote. Asubuhi yake mtoto alikuja kuomba sukari. Safari hii hakuangalia chini. Alisimama mlangoni na kikombe, akasema, "Mama anasema uzidishe kuliko juzi."

Mwanangu, tangu siku ile nilikaa kile kijiji miaka minne na sikuzima taa tena. Waliendelea kuniomba, nami nikaendelea kutoa au kukataa, lakini ugumu ulikuwa umeondoka. Ukimnyima jirani ambaye juzi naye alikunyima jembe, hakuna kesi. Ukimnyima mtu ambaye hujawahi kupokea chochote kwake, hapo ndipo usingizi unapotoroka.

Turudi kwenye bakuli. Unauliza anataka nini. Umejiuliza karanga za Januari zinatoka wapi? Huko Kongwa karanga huvunwa baada ya mvua. Zinazobaki nyumbani mpaka Januari ni mbegu. Mama mwenye watoto, ghala limeanza kuonyesha sakafu, amemaliza kupanda, kilichosalia kwenye kitambaa cha mbegu amekumiminia wewe. Na wewe ndiye mtaalamu wa lishe. Kabla ya kuuliza anataka nini, ningeuliza kwanza kama watoto wake walikula jioni ile.

Tena karanga, Kongwa! Hapo hapo ulipo, mwaka 1947, Waingereza walileta matrekta na mabaki ya mitambo ya vita kufyeka pori walime karanga za kuwapa mafuta ya kula kwao. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wamezunguka kwa wiki tisa hivi mwaka 1946, sehemu kubwa wakitazama nchi kutoka kwenye ndege, wakaandika ripoti. Mvua ilipokata udongo ukakauka kama saruji, karanga zikagoma kung'oka, majembe ya matrekta yakalika. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, zaidi ya pauni milioni 30 zimekwenda. Mama jirani yako analima kipande kidogo kwa jembe la mkono katika udongo uleule na kapata bakuli la ziada. Kamuulize anapanda lini na anachagua vipi mbegu. Hilo nalo ni kuomba.

Fedha sasa. Kijiji chako hakikosi kikundi cha kuweka na kukopa, kiitwe vikoba au hisa. Asili ya mtindo huo ni wanawake wa Niger, mwaka 1991, na umeenea kwa sababu ni rahisi: mnakutana kila wiki, tuseme Jumatano, kila mtu ananunua hisa, fedha zinakaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti. Pembeni kuna mfuko wa jamii wa ugonjwa na misiba. Uliza ofisini kwanza kama kanuni zinaruhusu, maana mashirika mengi hayataki mfanyakazi akopeshane na walengwa, na yana sababu. Wakikubali, ingia kama mwanachama wa kawaida. Usiwe katibu, hata wakikushika mikono miwili kwa kuwa una kalamu nzuri. Nunua hisa kama wanazonunua wenzako, si zaidi, na siku moja ukope urejeshe kwa riba kama wao. Anayekuja jioni kwa elfu ishirini ya mbolea, mwambie Jumatano kikundini. Usiseme "sina." Wanajua unayo.

Mtoto anayeungua homa usiku hangoji Jumatano. Hapo toa, usiandike popote. Tenga fungu dogo kila mwezi kwa hayo, likiisha limeisha. Na usimkopeshe mtu wa kamati ya maji wala mwenyekiti wa kitongoji hata senti. Siku utakapomuuliza makusanyo ya bomba yameenda wapi, atasema unamdai deni lako tu.

Picha? Usipige. Au piga ya bomba kavu na foleni ya ndoo, uandike tarehe, umpelekee meneja wako, na nakala kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, ofisi ya wilaya. Mwaka 1971 serikali ilipanga kwamba kufika 1991 kila mwananchi awe na maji safi ndani ya mita 400. Sisi mabibi maendeleo ndio tuliotumwa kuitangaza ahadi hiyo, na tulipeleka picha nyingi mno za watoto wanaocheka bombani. Picha hizo zilibaki nzuri miaka mingi baada ya pampu kufa na akina mama kurudi kuchimba maji kwenye mchanga wa korongo. Ukiwapiga picha akina mama wanaochimba leo, waombe ruhusa. Wakikataa, kaa uchimbe nao kidogo.

Na bakuli lirudishe wiki hii. Chombo cha jirani hakirudi kitupu, hilo hata Temeke mnalijua, lakini usije ukaweka kilo mbili za sukari. Kilo mbili ni kumlipa, na ukimlipa mmemalizana. Weka dagaa kidogo, au vitumbua ukivipika mwenyewe, hata vikiungua. Mwombe akufundishe mlenda. Siku moja mwombe na chumvi, lakini usisingizie kuishiwa, watoto wake watajua. Ngoja iishe kweli.