SOMO: KIMO CHA KIOO CHA PIKIPIKI NA MAJIRA YA MWAKA

Pikipiki ya chama ni mali yetu sote, na anayeipanda ni mwenzetu. Kwa hiyo kioo cha kukinga upepo kisinunuliwe kwa kutazama bei peke yake. Kinunuliwe kwa kupima.

1. Kimo. Mpandaji akae kama aendeshavyo siku zote, helmeti kichwani. Ukingo wa juu wa kioo ufike usawa wa pua au mdomo wake, ili aitazame njia juu ya kioo, wala si kupitia ndani yake. Kioo hiki hakina kifuta maji. Mvua ya masika inapokipiga, aliyejificha nyuma ya kioo kirefu haoni shimo wala mtoto avukaye njia. Kwa sababu hiyo kioo kimoja hakiwafai watu wawili wa vimo mbalimbali, isipokuwa kiwe cha kupandishwa na kushushwa.

2. Majira. Wakati wa kusi, atokaye Mjini kwenda Chukwani huukabili upepo. Arudipo humsukuma mgongoni. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, mambo hugeuka, na joto huzidi. Hapo kioo kifupi kinachokinga kifua na kuuacha uso upate hewa chatosha. Masika na vuli chafaa kirefu zaidi, lakini kisipite pua.

3. Mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka kilomita 30 hadi 60 kwa saa, nguvu ya upepo huongezeka mara nne. Basi katika njia za shamba, ambako mwendo ni mdogo, faida ya kioo kirefu ni ndogo. Tena kioo kipana kilichofungwa kwenye usukani huuyumbisha upepo upigapo ubavuni.

4. Utunzaji. Ingawa twakiita kioo, aghalabu ni plastiki. Chumvi na vumbi vioshwe kwa maji mengi na sabuni kabla ya kupitishwa kitambaa. Petroli isitumike, kwani hukipasua. Kilichochubuka hutawanya mwanga wa taa usiku, kibadilishwe.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni:

(a) Nani hupanda pikipiki ya chama chenu, na je, amepimwa?
(b) Safari zake nyingi ni za barabara kuu au za shamba?
(c) Kamati imetenga fedha za kubadilisha kioo kilichochakaa?

Gharama ya kioo hurudi; mpandaji akianguka, hasara yake haina hesabu.