Waya wa Banda la Kuku: Mnunuzi Aangalie Geji, Tundu na Zinki Kabla ya Bei

Wafugaji wengi wa kuku kando ya miji, kuanzia Kibaha hadi Thika, huingia dukani na swali moja tu: rola ya waya ni kiasi gani? Swali hilo ndilo linalowatia hasara. Mfugaji mwenye kuku 200 wa mayai anaweza kufunga wavu mpya Jumamosi, na kabla mwezi haujaisha akaamka alfajiri akakuta kuku 15 wamekufa. Wakati mwingine wavu huwa umetoboka kwa chini. Wakati mwingine, la kushangaza zaidi, huwa mzima kabisa.

Sababu ni kwamba wavu mwembamba wenye matundu ya pembe sita, unaojulikana kila mahali kama waya wa kuku, ulibuniwa kuzuia kuku wasitoke. Kuzuia adui asiingie ni kazi nyingine. Mbwa mwenye njaa huuchana kwa meno, na nyegere hauhesabu kuwa kizuizi. Paka pori hana haja hata ya kuuchana: hupenyeza mkono kwenye tundu la inchi 2 na kumvuta kuku aliyelala ameegemea wavu. Kwa hiyo waya huo unafaa kugawa vyumba ndani ya banda, au uwanja wa mchana ambao kuku huondolewa jioni. Ukuta wa usiku unahitaji wavu wa kuchomelea, yaani ule ambao nyaya zake zimeunganishwa kwa moto kila zinapokutana.

Unene wa waya hutajwa kwa geji, na hapa wanunuzi wengi hupotea, kwa kuwa namba ikipanda waya unapungua. Kwa kipimo cha Uingereza ambacho bado hutumika sana katika maduka ya Afrika Mashariki, geji 10 ni milimita 3.25, geji 14 ni milimita 2, geji 16 ni milimita 1.6 na geji 20 ni milimita 0.9 tu. Waya wa kuku huwa karibu na geji 20 au mwembamba zaidi. Kwa ukuta wa banda, geji 16 ni kiwango cha kuanzia. Mahali penye mbwa wa kuzurura au nyegere, geji 14 ndiyo salama.

Karatasi iliyobandikwa kwenye rola isiaminiwe peke yake. Mnunuzi asiye na kifaa cha kupimia achukue kipande cha waya, akizungushe mara 10 kwenye msumari mnene, mizunguko ikigusana, kisha apime upana wake kwa rula. Mizunguko ya geji 16 huwa na upana wa milimita 16 hivi. Ikitoka 12, waya huo ni geji 18, hata kama karatasi inasema vingine. Mizani nayo husaidia. Waya wa milimita 1.6 una uzito wa gramu 16 hivi kwa mita. Wa milimita 1.2 hauzidi gramu 9. Rola mbili zenye urefu, kimo na tundu sawa zikipishana sana uzito, nyepesi ndiyo yenye waya mwembamba.

Urefu nao upimwe. Kama rola ya shilingi 60,000 inadaiwa kuwa na mita 30 lakini ikikunjuliwa ina mita 25, kila mita imemgharimu mnunuzi shilingi 2,400 badala ya 2,000. Muuzaji anayekataa rola ikunjuliwe mbele ya mteja amekwisha kujibu swali.

Tundu huchaguliwa kwa kumtazama adui mdogo kuliko wote. Tundu la inchi 1 huzuia paka na kanu, lakini vifaranga hutoka na panya huingia. Tundu la nusu inchi huzuia panya wakubwa, kicheche na nguchiro, ingawa nyoka mwembamba bado hupita. Stoo ya chakula ina adui wa namna nyingine, kwa sababu panya mdogo wa nyumbani hupenya mahali pa milimita 6 au 7, na huko ni tundu la robo inchi tu litakalofaa. Si lazima kununua nusu inchi kwa ukuta wote. Wengi hupunguza gharama kwa kuweka nusu inchi kuanzia chini hadi kimo cha sentimita 60, na inchi 1 hapo juu, mradi paa na mbao za juu ziwe zimeziba vizuri.

Zinki ndiyo inayoamua waya utadumu miaka mingapi. Chuma kilichochovywa kwenye zinki iliyoyeyuka hupata koti nene, nalo huwa na rangi ya kijivu iliyofifia. Kile kilichopakwa kwa umeme hung'aa na kuvutia macho, lakini koti lake ni jembamba. Mteja anayechagua kwa mng'ao huondoka na bidhaa dhaifu. Jaribio rahisi ni kukunja waya kwa nguvu: zinki ikibanduka kama magamba, rola irudishwe. Pwani, kuanzia Mtwara hadi Lamu, hewa ya chumvi hula zinki haraka, na mbolea mbichi ya kuku iliyorundikana kwenye wavu huongeza kasi hiyo. Afadhali ukuta uanze na mistari mitatu ya matofali, wavu ukae juu yake, mbali na mbolea.

Kwa banda lisilo na msingi wa tofali, adui mkubwa ni mchimbaji. Desturi ya kufukia wavu wima hufanya kazi, ila mtaro ni wa jasho jingi. Njia nyepesi ni kulaza wavu juu ya ardhi kwa nje, upana wa sentimita 45, ukiungwa na ukuta kwa waya, ukakandamizwa kwa mawe na kufunikwa udongo kidogo. Mnyama huanza kuchimba pale anapogusa ukuta. Akikuta wavu chini ya kucha hujaribu hatua mbili pembeni, akakuta wavu tena. Kurudi nyuma nusu mita ndipo aanze shimo si jambo linalomjia. Banda la mita 6 kwa 4 lina mzingo wa mita 20. Rola yenye kimo cha sentimita 90 ikikatwa katikati kwa urefu, mita 10 zake zinatosha mzingo wote, na mita 1 au 2 za ziada huziba pembe.

Wavu ufungwe upande anakotoka mwenye nguvu. Kwa adui wa nje, uwe nje ya nguzo, ili akisukuma aubane kwenye mti. Kwa uzio wa mbuzi wanaosukuma kutoka ndani, uwe ndani. Misumari ya U pekee haitoshi kwenye banda, kwani huchomoka ikivutwa. Juu yake pigiliwe ubao mwembamba kwa skrubu. Waya wa pembe sita usivutwe kupita kiasi, maana hupungua kimo na matundu hupinda.

Nguzo za pembeni zifukiwe sentimita 60 au zaidi na kuwekewa mhimili wa mshazari, kwa kuwa ndizo zinazobeba mvuto wote. Nguzo za mikaratusi zilizotiwa dawa zikikatwa, upande uliokatwa ukae juu, la sivyo mchwa hupata mlango. Katika nyika ya Wamasai kaskazini mwa Tanzania kuna jawabu jingine. Maboma ya ng'ombe huzungushiwa wavu wa kusokotwa wenye matundu ya umbo la almasi, na nguzo ni matawi mabichi ya miti ya jamii ya manemane yanayoshika mizizi na kuendelea kukua. Mchwa hawali mti ulio hai kama wanavyokula mkavu, na kadiri miaka inavyopita matawi huongeza kimo cha ukuta dhidi ya simba na fisi.

Juu ya uwanja wa vifaranga inatosha nyavu chakavu za wavuvi zenye matundu madogo, kwa ajili ya mwewe na kunguru weusi walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 na kuenea pwani yote. Jua huzichakaza, hivyo zibadilishwe zinapoanza kukatika kwa vidole.

Mwisho ni mlango, ambao fundi huutengeneza jioni akiwa amechoka. Nafasi chini yake isizidi sentimita 1, kizingiti kiwe cha saruji, na komeo ziwe mbili, juu na chini, kwa sababu mlango wenye komeo moja katikati hupinda kwa chini ukisukumwa, na kicheche hahitaji zaidi ya hapo.