Dondoo muhimu: Mafunzo kwa vitendo yahesabike
Mwanafunzi wa mawasiliano ya umma, usiripoti kwenye chumba cha habari kabla idara haijakupa barua ya utambulisho. Kazi uliyoifanya bila chuo kujua ni vigumu kuhesabiwa baadaye.

Daftari la mafunzo lijaze jioni ileile. Kuandika “Nilisaidia habari” hakumwambii msimamizi chochote. Andika: “Nimehariri sauti ya dakika 3 kuhusu bei ya nyanya, ikatumika taarifa ya saa mbili usiku.” Hapo ndipo alama zilipo. Tunza nakala ya kila kazi iliyokwenda hewani au kuchapishwa.

Saini na mhuri kwenye daftari omba kila wiki, kwa kuwa wahariri husafiri.

Mnufaika wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) nchini Tanzania, mkopo wako una kipengele cha mafunzo kwa vitendo. Muone afisa mikopo wa chuo mapema.