Mizani ya Kemia na Mizani ya Shairi: Somo la Zebaki

Neno "mizani" lina maana mbili. Kwa mkemia na mnunuzi wa dhahabu, ni kifaa cha kupimia uzito. Kwa mshairi, ni idadi ya silabi katika mshororo. Somo hili la utangulizi kwa wanafunzi wa vyuo vya afya huunganisha maana hizo, kwa kuwa katika machimbo ya Geita na Shinyanga hesabu isiyosawazishwa hugharimu afya.

Antoine Lavoisier wa Ufaransa alionyesha katika karne ya 18 kwamba maada haipotei katika mabadiliko ya kikemia. Mchimbaji mdogo huchanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu, hupata donge, kisha hulichoma. Zebaki huchemka katika nyuzijoto 357 za Selisiasi, ilhali dhahabu huyeyuka katika nyuzijoto 1,064; hivyo zebaki huondoka na dhahabu hubaki. Donge la gramu 10 likibakiza gramu 6, gramu 4 zimekwenda wapi? Zimo hewani. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, na takriban asilimia 80 ya unaovutwa hufyonzwa mwilini kupitia mapafu.

Tarbia kwa kawaida huwa na mizani 16 katika kila mshororo: 8 za ukwapi na 8 za utao. Silabi moja ikipungua, hata msikilizaji asiyejua kusoma huhisi pengo. Sikio hilohilo laweza kufunzwa kuuliza habari za gramu zilizopungua:

Zebaki ikichemka, haipotei angani;
Mvuke ukishafuka, huingia mapafuni.

Kwa mhudumu wa afya, somo huishia katika maswali. Mgonjwa anayetetemeka mikono, kukosa usingizi, kusahau au kukasirika upesi asidhaniwe mlevi kabla ya kuulizwa: donge huchomwa wapi? Nani hukaa karibu? Je, yupo mjamzito au mtoto? Kipimo cha zebaki katika mkojo husaidia kuthibitisha. Ushauri wa kwanza ni kutochoma donge nyumbani wala jikoni, na kutumia retorti, chombo kilichofungwa ambacho hupoza mvuke ukarudi kuwa zebaki ya majimaji.

Zoezi: Kamilisha ubeti huo kwa mishororo miwili yenye mizani na vina sahihi, ikimweleza mchimbaji namna ya kuilinda familia yake.