Kuendesha Kikundi cha Huduma: Mikutano, Wanachama na Michango

Katika kata nyingi kuna watu kumi, ishirini au thelathini waliojiunga pamoja si kwa ajili ya kugawana faida, bali kusaidia wengine: kulipia mtoto karo, kumjengea mjane nyumba, kununulia zahanati kitanda cha kujifungulia. Vikundi hivi huanza kwa moyo mkunjufu. Vinapovunjika, mara nyingi si kwa sababu ya wizi. Huvunjika kwa sababu hakuna aliyeandika kilichoamuliwa, na kwa sababu fedha ziliwekwa mahali ambapo mtu mmoja tu aliweza kuzifikia.

Somo hili linafuata mfano mmoja wa kubuni. Kikundi cha wanachama 22 kimeamua kuinunulia shule ya msingi tanki la maji la lita 10,000. Wanafunzi wa shule hiyo hubeba maji kwa vibuyu na madumu kutoka mtoni kila asubuhi, na wakati wa kiangazi vipindi vya kwanza huwapita wakiwa njiani.

Kujisajili kwanza

Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na wanachama wasiopungua kumi. Maombi hupelekwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii, pamoja na katiba ya kikundi, orodha ya wanachama na kumbukumbu za mkutano ulioamua kujisajili na kuwachagua viongozi. Bila cheti cha usajili, benki haitafungua akaunti kwa jina la kikundi, na fedha zitabaki mfukoni au kwenye simu ya mtu.

Katiba isinakiliwe tu kutoka kwa kikundi jirani. Inapaswa kujibu maswali ambayo siku moja yataleta ugomvi: Nani anaweza kuwa mwanachama? Ada ni kiasi gani? Viongozi hukaa muda gani? Akidi ni watu wangapi? Nani hutia sahihi wakati wa kutoa fedha? Kikundi kikivunjwa, mali yake itaenda wapi?

Mkutano wenye faida

Mkutano mzuri hauzidi saa moja na nusu. Katibu hutuma ajenda wiki moja mapema, ili mwanachama ajue kinachojadiliwa na aje amejiandaa. Mwenyekiti hufungua kwa saa iliyotangazwa hata kama viti vingine bado ni vitupu. Anayewasubiri wachelewaji huwaadhibu waliofika mapema.

Kumbukumbu hufuata mpangilio unaojulikana: waliohudhuria, waliotuma udhuru, waliokosa bila udhuru, kuthibitishwa kwa kumbukumbu za mkutano uliopita, yatokanayo na kumbukumbu hizo, ripoti ya mwekahazina, ajenda mpya, mambo mengineyo na kufungwa kwa mkutano. Sehemu ambayo husahaulika zaidi ni yatokanayo. Hapo ndipo aliyepewa kazi mwezi uliopita huulizwa ameifikisha wapi.

Uamuzi uandikwe kwa namna ambayo hata asiyekuwepo ataelewa. Kuandika kwamba "ilikubaliwa tanki linunuliwe" hakumfungi mtu yeyote. Kuandika kwamba "katibu ataleta bei za tanki kutoka maduka matatu kabla ya mkutano ujao" kunataja nani, nini na lini.

Akidi nayo iheshimiwe. Katiba ikisema akidi ni nusu ya wanachama, kikundi cha watu 22 kinahitaji 11. Wakifika tisa, wanaweza kuzungumza na kupokea ripoti, lakini wasipitishe matumizi ya shilingi hata moja. Uamuzi wa fedha uliopitishwa na watu wachache ndio huzaa maneno ya pembeni.

Wanachama

Katika mji wa Chicago, Marekani, mwaka 1905, Paul Harris na wenzake watatu walianzisha klabu ya Rotary. Jina hilo lilitokana na desturi yao ya awali ya kukutana kwa zamu katika ofisi za wanachama. Kina mama wa vyama vya Kenya wanaijua vyema desturi hiyo: leo kwa huyu, mwezi ujao kwa yule. Faida yake ni kwamba kila mwanachama hupata siku ya kuwa mwenyeji, na asiyezoea kusema mbele za watu husema akiwa kwake.

Mgeni anayetaka kujiunga aalikwe kuhudhuria mikutano miwili au mitatu kabla ya kulipa kiingilio. Aelezwe wazi kwamba hiki si chama cha kukopeshana. Wengi huondoka kwa uchungu kwa sababu walitarajia mgao ambao haukuwahi kuahidiwa.

Mwanachama anayekosa mikutano mitatu mfululizo asifutwe kwenye daftari kabla ya mtu kumtembelea. Huenda anauguza, au amekosa ada na anaona haya kusema. Ikibidi kumwondoa, apewe barua na nafasi ya kujitetea mbele ya mkutano. Na vijana wapewe kazi halisi, kama kutunza daftari la mahudhurio au kufuatilia bei, wasiitwe tu wakati wa kupanga viti.

Hesabu ya harambee

Harambee ni neno ambalo Mzee Jomo Kenyatta alilifanya mwito wa taifa mwaka 1963, na hadi leo limo kwenye ngao ya taifa. Shule na zahanati nyingi zilijengwa kwa nguvu hiyo. Lakini harambee nayo ina hesabu yake.

Bajeti ya kikundi cha mfano ni hii: tanki shilingi 95,000, msingi wa saruji 25,000, mifereji na mabomba 25,000, usafirishaji 5,000 na akiba ya dharura 10,000. Jumla ni shilingi 160,000.

Siku ya harambee, taslimu na pesa za simu zilifika shilingi 143,500. Ahadi zilikuwa 58,000. Msema chanzo akatangaza kwa shangwe kwamba zimepatikana 201,500, na watu wakaenda nyumbani wakijua tanki limenunuliwa na chenji imebaki.

Hema na viti viligharimu 18,000, chakula 24,500, vipaza sauti 8,000 na kadi za mchango 4,000. Jumla ya gharama ni 54,500. Fedha zilizobaki mkononi ni 89,000. Hata kama kila aliyeahidi angelipa, kikundi kingekuwa na 147,000, na bado kingepungukiwa na 13,000. Hakuna aliyeiba, lakini miezi miwili baadaye kijiji kizima kinauliza pesa zilienda wapi.

Kuna mambo matatu ya kujifunza hapa. Kwanza, ahadi isitangazwe kama fedha. Itajwe kando, na waliotoa wakumbushwe kwa upole. Pili, gharama za siku hiyo zipunguzwe: kivuli cha mwembe wa shule hakikodishwi. Tatu, gharama hizo zilipwe na wanachama wenyewe. Klabu za Lions, zilizoanzishwa mwaka 1917, hutenganisha fedha za uendeshaji na fedha za huduma: kilichotolewa na umma hurudi kwa umma, na chai ya wanachama hutoka katika ada zao. Kila mmoja wa wale 22 angechanga 2,500, zingepatikana 55,000, na gharama zote za siku zingelipwa bila kugusa mchango wa mtu wa nje.

Fedha zikae wapi

Mfano uendelee. Zile 89,000 ziliachwa kwenye simu ya mwekahazina, mwanamke mwaminifu ambaye hakuna aliyewahi kumtilia shaka. Wiki ya tatu aliugua ghafla akafariki. Nambari ya siri alikuwa nayo yeye peke yake. Kikundi kilipokwenda kwa familia, watoto wake walikuwa wakitafuta pesa za mazishi, na hawakuwa na njia ya kujua ni zipi za mama yao na ni zipi za tanki. Kikundi hakikuwa na karatasi ya kuonyesha. Heshima ya marehemu ikaingia doa ambalo hakulistahili.

Kwa hiyo kanuni ya fedha haiwekwi kwa sababu viongozi ni wezi. Inamlinda pia aliye mwaminifu. Kikundi kifungue akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, na angalau wawili watie sahihi kila fedha zinapotolewa. Michango ya simu ipitie nambari ya malipo iliyounganishwa na akaunti hiyo. Taslimu ihesabiwe na watu wawili hapo hapo, iandikwe, na ipelekwe benki siku ya kazi inayofuata. Kila anayetoa apewe risiti, hata kama ametoa shilingi hamsini.

Sheria nayo izingatiwe. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003, ilipokuwa ikitumika, haikumruhusu afisa kutumia ofisi yake kuwa mahali pa kuomba au kukusanyia michango ya harambee, na ni busara kadi zisiachwe kwenye kaunta ya ofisi ya serikali. Michango inayoombwa kwa umma ina sheria yake pia, Sura ya 106. Kabla ya kusimama sokoni na makopo, kikundi kiulize kuhusu kibali.

Baada ya mchango

Ndani ya siku 14 ripoti ibandikwe shuleni, kwa chifu, kanisani na msikitini: kilichopatikana, kilichotumika, kilichobaki, na ahadi ambazo bado. Tanki likishawekwa, kikundi na halmashauri ya usimamizi wa shule waandikiane ni nani atasafisha mifereji kabla ya mvua na nani atanunua mfereji mpya ule wa kwanza ukivunjika. Tanki lisilo na mwenyewe hukauka.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Mwekahazina akiugua leo, ni nani mwingine anayeweza kuzifikia fedha za kikundi, na kwa utaratibu gani?
2. Katika kumbukumbu za mkutano uliopita, ni maamuzi mangapi yanataja nani, nini na lini?
3. Katika harambee ya mwisho, ni kiasi gani cha mchango wa umma kilitumika kwa chakula na hema?
4. Ni nani hajaonekana mikutano mitatu, na ni nani atakwenda kumjulia hali?

Vikundi vinavyotaka kujisajili au kurekebisha katiba vinaweza kufika katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo. Viongozi wabebe daftari la kumbukumbu.